Fungua Hilo Boksi, Buda

Wasee, tuongee kidogo kuhusu ile klipu.

Kwa wale hawajaiona: wiki mbili zilizopita niliweka video ya sekunde arobaini hivi. Nachukua kisu cha jikoni, nakata gundi ya boksi la LEGO ambalo halijawahi kufunguliwa, na ndugu yangu mdogo anapiga nduru nyuma ya kamera kama mtu timu yake imefunga bao dakika ya tisini. Hiyo tu. Sikutukana mtu, sikuvua shati. Lakini vile nilivyokulwa kwa komenti, ungedhani nimechinja mbuzi wa jirani.

"Umechoma elfu thelathini." "Maskini hata akiletewa mali mlangoni ataila." "Sasa naelewa kwa nini uliacha chuo." Hiyo ya mwisho iliniuma, nitairudia. Mmoja akaniambia niombe boksi msamaha. Boksi, jamani.

Nilitaka kunyamaza. Lakini naona hii akili ya kutofungua inaenea huku kwetu kama mafua, na mimi mwenyewe nimewahi kulipwa kuieneza. Kwa hivyo leo nasema.

Kwanza, boksi lilifikaje kwangu. Kuna mteja fulani, jina nalificha, ambaye kazi yake ni kuagiza midoli ya bei kutoka ng'ambo na kuiweka. Haichezi. Haifungui. Anaiweka. Ana chumba kizima, mapazia yamefungwa ili jua lisififishe rangi za maboksi, na ukiingia unaambiwa uvue viatu kama msikitini. Aliniita nimfanyie video za kuwaambia vijana ati seti ya LEGO iliyofungwa ni uwekezaji bora kuliko ploti Joska. Skripti ilikuwa na mstari unaosema kijana wa mtaani anaweza kuanza na boksi moja tu. Nilisoma huo mstari nikiangalia kamera usoni. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku tisa, sitawadanganya.

Nililipwa nusu. Nusu ya pili ikaanza kuwa "wiki ijayo." Baada ya miezi miwili akaniambia kuna boksi lilipondeka kona likiwa njiani, kwake halina bei tena, nilichukue tuwe sawa. Nikalibeba kwenye matatu, nimelipakata kama mtoto mgonjwa.

Sasa sikia ndani kulikuwa na nini.

Ni ile seti ya Nintendo Entertainment System. LEGO waliitoa Agosti 2020, wakati dunia nzima ilikuwa imejifungia nyumbani. Vipande 2,646. Bei ya Marekani ilikuwa dola 229.99, ambayo kwa dola ya shilingi 129 ni karibu elfu 30, kabla hujalipa usafiri na ushuru. Kwenye boksi wameandika 18+, kama chupa ya pombe. Siku hizi LEGO hawaiuzi tena, na ndiyo maana wale wa kuweka wanaipenda.

Unajenga vitu vinne. Kuna ile mashine ya gemu yenyewe, ya kijivu, na mlango wake wa mbele unaofunguka. Kuna kaseti ya gemu ambayo unaiingiza, unaibonyeza chini, inakamata. Kuna kontrola na waya wake. Halafu kuna TV. Na TV ndiyo yenye maneno.

Ni TV ya zamani, ile ya kisogo kirefu. Mkenya yeyote akiiona anafikiria Greatwall ya kwa shosho, ile nyeusi na nyeupe iliyokuwa inaendeshwa na betri ya gari, juu yake kitambaa cha kufuma na ua la plastiki. Kwenye kioo kuna picha ya Super Mario Bros., vile tunavyoikumbuka sisi wote: Mario mdogo wa miraba miraba, mabomba ya kijani, maboksi ya alama ya kuuliza, na wale uyoga wenye hasira wanaotembea kukuua. Ubavuni mwa TV kuna mkono wa kuzungusha, kama wa cherehani ya mkono.

Ukizungusha, Mario anatembea.

Nataka mtulie hapo. Hakuna betri. Hakuna stima. Hakuna chipu. Ndani ya hiyo TV kuna mkanda mrefu wa vipande vidogo vilivyoshikana kama minyororo ya katapila, na juu ya mkanda ndiko umejenga dunia yote ya Mario, kipande kwa kipande, kwa mikono yako. Unapozungusha, gia zinakamatana meno, mkanda unazunguka, dunia inapita kwenye kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mario mwenyewe haendi popote. Amesimama palepale, ameshikwa na mkono mwembamba unaopanda na kushuka, na kwa macho yako unaona anaruka adui na kupanda mabomba. Anayekimbia ni ardhi. Yeye anaruka tu mahali pamoja.

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo kwa mihula mitatu. Kuna kitu tunaita kamu. Ni kipande chenye nundu. Kikizunguka, ile nundu inasukuma kitu kingine juu, halafu inakiachilia kirudi chini. Injini ya gari inapumua kwa sababu ya kamu. Ndiyo inafungua vali na kuziacha zifunge. Nilichora kamu kwenye karatasi mpaka nikachoka. Nilipata alama nzuri za kamu. Lakini sikuwahi kuishika. Siku niliyomwona Mario akipanda na kushuka, nikasukuma mkono wake kwa kidole polepole nikiangalia kinachomwinua ni nini, ndiyo siku nilielewa kitu nilichofanyia mtihani miaka miwili nyuma. Nilikaa sakafuni kejani nikacheka peke yangu. Ndugu yangu aliuliza kama niko sawa.

Hapo sasa turudi kwa yule wa komenti ya chuo.

Sikuacha chuo kwa sababu ya mambo ya falsafa. Niliacha kwa sababu karo iligoma, mkopo haukutosha, na mathe alikuwa anauza kila kitu kinachouzika. Hiyo ni stori ya watu wengi humu. Lakini kuna picha moja ya chuo hainitoki kichwani. Karakana yetu ilikuwa na mashine mpya ya kukereza vyuma. Mpya kabisa. Ilikuwa bado imevaa ile nailoni iliyokuja nayo, na mtu alikuwa ameifunga kamba katikati kama zawadi. Tuliingia mara moja, watu zaidi ya themanini, tukapewa dakika ishirini. Tukaambiwa: msiguse, ni ya bei. Tukaizunguka mara moja kama watu wanaoaga maiti, tukatoka. Mimi nilipoondoka chuo, nailoni ilikuwa bado iko. Vumbi ilikuwa imekaa juu yake hadi mtu aliandika jina la mpenzi wake kwa kidole.

Mtu akikuonyesha mashine na kukukataza kuizungusha, amekuonyesha fanicha. Na mteja wangu na maboksi yake sabini, na aliyeifunga ile mashine kamba, mimi siwaoni tofauti. Wote wanaamini kitu kina thamani zaidi kikiwa hakijafanya kazi yake.

Najua mtaniletea hesabu. Wameshaniletea. Kuna utafiti wa watu wa Higher School of Economics kule Urusi, walioangalia seti zaidi ya 2,000 zilizokuwa sokoni kati ya 1987 na 2015, wakapata kwamba kwa wastani zilizofungwa zilipanda bei kwa angalau asilimia 11 kwa mwaka. Utafiti upo, ni wa kweli, na kwenye ile video niliulipua kama fataki. Kile skripti haikuniruhusu kusema ni kwamba watafiti haohao waliona kuna seti zilizopoteza hadi asilimia 50 kwa mwaka, na nyingine zikapanda hadi asilimia 600. Wastani ni wa yule aliye na maboksi mengi. Wewe wa boksi moja huna wastani, uko na bahati. Hiyo ni kama kuambiwa wachezaji wa mpira hulipwa vizuri, ukanunua buti.

Halafu niambie unaweka wapi. Bedsita yangu ina choo, jiko na kitanda ambavyo vinaonana vyote kwa wakati mmoja. Mvua ya Aprili inaingia kwa dirisha hata likifungwa. Boksi la uwekezaji linataka nyumba kavu, linataka miaka, na linataka mnunuzi wa ng'ambo atakayelipa usafiri bila kukutapeli. Kumbe kona ikipondeka kidogo tu njiani, limekufa. Langu lilikufa kwa kona. Vipande 2,646, hakuna hata kimoja kimekwaruzwa, lakini kadibodi ilipinda, basi tajiri akalitupa. Hebu fikiria ni nini hasa kilikuwa kinauzwa hapo kama kadibodi ndiyo iliyokuwa na bei.

Mnamjua huyu mtu, hata kama hamjui LEGO. Kila nyumba ya Kenya ilikuwa naye. Ni kabati la vyombo vya wageni. Vile vikombe vya maua na mstari wa dhahabu, vimepangwa nyuma ya kioo, wewe unakunywa chai kwa kikombe cha plastiki kilichoungua ukingo. Umekua, umetahiriwa, umeenda shule umerudi, mgeni wa hivyo vikombe hajafika. Kwa mama zetu naelewa, kwa sababu walitafuta hivyo vyombo kwa jasho na heshima ya nyumba ilikuwa hapo. Lakini wewe una miaka ishirini na mbili! Umeanza lini kuwekea wageni midoli?

Na jina lenyewe la hiyo kampuni. Ilianzishwa na fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, pale Billund, Denmark, mwaka 1932, akitengeneza midoli ya mbao. LEGO inatoka kwa maneno mawili ya Kidenmarki, leg godt. Yaani cheza vizuri. Jina la kampuni ni kama kuambiwa na mzazi, nenda nje ukacheze. Ile tofali yao ya sasa iliombewa hataza Januari 1958, na tofali za wakati huo bado zinashikana na za leo. Mtu alihakikisha kwa zaidi ya miaka sitini kwamba kipande cha babu kitashikana na cha mjukuu. Sasa unafikiri alifanya hiyo kazi yote ili vipande vikae kwenye mifuko yake gizani?

Kuna komenti moja ilikuwa ya akili na sitaipuuza. Msee alisema: hii nostaljia si yako, unaikopa. Nintendo hiyo ya kijivu iliuzwa Marekani kuanzia 1985, wewe hata mzazi wako hakuwa nayo, unalilia utoto wa mtoto wa California.

Nimelifikiria hilo. Ni kweli ile mashine ya kijivu sikuwahi kuiona mpaka nilipoijenga. Sisi tulikuwa na TV game. Mnaijua. Ile feki ya kutoka duka la umeme mjini, iliyoiga Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani 1983 kabla ya hiyo ya Marekani. Kaseti ya njano iliyoandikwa 9999 kwa moja, na ukihesabu vizuri gemu za kweli zilikuwa chache, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa majina. Ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Adapta inachoma kama pasi. Tulikuwa na moja kwa ploti nzima, tunacheza kwa zamu, ukikufa unapeana kontrola, na kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuwa anasema bado hajakufa. Halafu stima inapotea mkiwa mmefika mbali kuliko siku zote, na hakuna kuhifadhi, kesho mnaanza mwanzo kabisa, kwa ule uyoga wa kwanza.

Lakini Mario alikuwa yuleyule. Bomba lilelile, uyoga uleule, boksi la kuuliza lilelile. Mtoto wa California aliruka pale nilipoporukia mimi kule Dandora. Yeye alilipia, sisi tuliibiwa kwa niaba yetu na kiwanda nisichokijua. Kama kuna mtu nimemkopa, ni Nintendo wenyewe, na hao wameniuzia vitu vya kutosha tangu hapo. Kwa hivyo utoto wangu umo kwenye ile TV. Tofauti ni kwamba hii haiwezi kuzimwa na stima.

Na siwaambii mkanunue. Elfu 30 ni elfu 30. Mimi nisingeinunua, na mtu akikuambia uchukue mkopo wa simu ununue LEGO, mblock. Wale waliocheza na gari la waya wanajua mambo ya mitambo haikuanza Denmark. Waya wa hanga, magurudumu ya malapa yaliyokatwa, mti mrefu wa usukani unaofika kifuani, na ukikata kona huku juu, tairi za mbele zinakata kona kule chini. Kijana wa miaka minane alijenga usukani unaofanya kazi bila kitabu cha maelekezo. Hakuna aliyewahi kuuweka kwenye nailoni. Ulichakaa, ukajenga mwingine, na wa pili ulikuwa bora kwa sababu ulijua wa kwanza ulivunjikia wapi.

Hiyo ndiyo kesi yangu yote dhidi ya wale wa kuweka. Mashine haikufundishi kitu ikiwa mpya. Inakufundisha ikikwama. TV yetu ilikwama mara mbili kwa sababu ndugu yangu aliruka ukurasa wa kitabu akasema anajua. Mkanda ukawa unazunguka nusu halafu unakataa. Ikabidi tufungue mgongo, tuhesabu meno ya gia, tutafute ni wapi mjuaji alikosea. Ilituchukua Jumamosi nzima. Huyo kijana shuleni anaambiwa hana utulivu. Masaa sita hakushika simu, hata chai aliletewa.

Kuna kimtu cha Mario cha elektroniki kinachouzwa kando, ambacho ukikiweka juu ya hiyo TV kinatoa sauti kulingana na maadui na vizuizi vinavyopita. Sisi hatuna. Ndugu yangu anafanya sauti kwa mdomo. Kuruka, sarafu, kuingia bombani, zote anazo, na anachelewa kidogo kwa hivyo inabidi uzungushe polepole kumsubiri.

Tuliimaliza Jumapili usiku. Kufikia Jumatatu jioni mtoto wa mama mboga alikuwa amesikia, sijui kutoka kwa nani. Alhamisi nilihesabu watoto saba mlangoni, na mmoja wao, msichana wa labda miaka tisa, hakutaka hata kuzungusha. Alitaka nimtolee ubavu wa TV aone ndani. Nikautoa. Akamwambia mwenzake azungushe, yeye akaweka uso karibu na gia mpaka nikaogopa nywele zake zitakamatwa. Akauliza, "Kwa nini hii ndogo inakimbia kuliko hii kubwa?" Swali la muhula wa pili hilo. Nikamjibu, akasema sawa, akaniambia nimwonyeshe tena.

Vipande viwili vimepotea tayari, na kile kisarafu kimoja cha njano nashuku kimemezwa, mwenye mtoto nimeshamwambia. Bei yake sokoni sasa ni sufuri na nukta.

Kwa hivyo endeleeni kunipiga kwa komenti, algoriti inafurahi. Na wewe uliye na boksi limepondeka kona, unaona haya kuliweka na wenzake, inboksi yangu iko wazi. Nalipia matatu mwenyewe.